Pumzi ya Pili ya Arbitre

Mtaani kwetu Ruashi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe, Mama Zaina, alimwita Arbitre, yaani mwamuzi, kama sisi sote. Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba, na baadaye nikawa pia mtu wa kumfundisha kupumua. Hiyo ilikuwa kazi yangu katika hospitali ya kampuni ya shaba. Nilikuwa kine, kama tunavyosema huku, yaani mtu wa kuvirudishia viungo nguvu. Niliwanyoosha waliovunjika miguu na walioumia migongo, na niliwahudumia wagonjwa wa vifua. Hao wa vifua ndio walionichosha. Mtu wa mguu siku moja huaga, akaondoka na fimbo yake. Mtu wa kifua hurudi, na kila akirudi unaona amepungua.

Siku za kazi alikuwa kwenye fonderi, kule shaba inakoyeyushwa. Jumapili alikuwa mwamuzi wa mechi za mtaa. Alikuja uwanjani na kaptula nyeusi iliyopigwa pasi ya mkaa, soksi zimevutwa hadi magotini, uso umekaza kama wa mtu anayekwenda kuzika. Filimbi yake ilisikika mpaka sokoni. Wanawake waliokuwa wakipima unga walisema, "Arbitre anakasirika," wakaendelea kupima.

Siku moja alimtoa nje shemeji yake, mdogo wa Mama Zaina, kwa kumpiga mtu kiwiko ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Mama Zaina akagoma kupika. Kwa siku kadhaa Arbitre alikula mkate na dagaa wa kopo, na kila jioni alisema kwa sauti ya kusikika kwetu kwamba mkate wa siku hizi umekuwa mzuri sana. Hakuomba radhi. Shemeji naye hakuacha kuja kumsalimia, na kila akija alipewa kiti kilekile kizuri.

Lakini nyumbani kwake haki haikuwepo kabisa. Watoto wakigombana, aliyelia kwa sauti kubwa zaidi ndiye aliyeshinda. Wajukuu walilijua hilo, na kilio cha nyumba ile kilikuwa cha kutisha. Mama Zaina akimwuliza, "Uku nyumbani filimbi yako iko wapi?" yeye hujibu, "Hapa niko en congé," yaani likizoni.

Ndivyo alivyokuwa katika mambo mengi. Hakuruhusu mchezaji kuvuta sigara karibu na mstari wa uwanja, angemfukuza mbele ya watu. Mwenyewe alivuta tangu alfajiri, zile sigara kali zisizo na kichungi. Nilipomsema, alinieleza kwa upole, kama anayemwelewesha mgeni.

"Mama Kine, moshi wa fonderi ni mubaya. Huu wa sigara njo unaufukuza ule."

"Papa, moshi unafukuza moshi namna gani?"

"Weye ulisoma mingi, lakini kwa fonderi haukutumikaka."

Tukacheka. Wakati huo bado alikuwa na pumzi ya kucheka.

Kilichoanza kuondoka ni filimbi. Kwanza watu wa sokoni hawakuisikia tena. Kisha wachezaji wa upande wa pili wa uwanja wakaanza kusema hawakuisikia, na yeye akadhani wanafanya ujanja. Jumapili moja aliinua mkono kusimamisha mchezo, filimbi mdomoni, mashavu yamevimba, na haikutoka sauti. Wachezaji wakaendelea. Likafungwa goli ambalo halikustahili kuwa goli, watu wakashangilia, naye alikuwa bado amesimama, mkono juu. Baadaye akaushusha. Akampa mwamuzi wa pembeni filimbi, akatoka uwanjani polepole, akashika nguzo ya goli, akainama hapo na mabega yakipanda na kushuka. Watu wakanyamaza. Nadhani kunyamaza kule kulimuumiza kuliko kelele.

Baada ya hapo alikaa ndani. Nilimsikia kupitia ukuta. Alipumua kwa kupuliza, midomo imebanwa, kama mtu anayepoza chai. Alipumzika kati ya kuvaa mkono mmoja wa shati na mwingine. Alilala amekaa.

Hata hivyo Jumamosi za salongo, siku zile chama tawala kilipotaka kila raia atoke kufagia na kuzibua mifereji, alitoka. Alishika ufagio, akafagia mahali padogo, akaegemea mpini. Mtu wa chama akapita.

"Citoyen, unafagia ao unalala?"

Nilikuwa karibu. Nikasema huyu ni mgonjwa, nitamletea karatasi ya hospitali. Arbitre akanitazama kwa hasira niliyoijua ya Jumapili. Mtu wa chama alipokwenda, alisubiri pumzi irudi ndipo akasema, "Karatasi itasema niko mugonjwa. Bantu bote batasoma." Akaendelea kufagia mahali palepale, palipokwisha kuwa safi.

Mama Zaina ndiye aliyemleta hospitalini. Hakumwuliza, alimfungasha tu.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa mtu mrefu, mchovu, aliyefundisha wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa na kupasua kwetu, na sikumbuki kumwona amekaa akala. Aliinua picha ya kifua dirishani. Sehemu ya juu ya pafu la kulia hapakuwa na kitu, palikuwa peusi tupu, kama mfuko uliopulizwa. Mfuko huo ulikuwa umelikandamiza pafu lililobaki na kuusukuma chini msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ule ambao hasa ndio unaovuta pumzi.

"Papa, mapafu yako yamejaa hewa," Daktari alisema.

"Sasa juu ya nini minakosa hewa?"

"Ju ile ni hewa ya zamani. Inaingia, haitoki. Inakaa pale inakula nafasi."

Akamwonyesha kwa viganja. Kwa mtu mwenye afya msuli ule umeinama kama bakuli lililofunikwa. Ukijikaza unashuka, na hewa inaingia. Wake ulikuwa umeshuka tayari, umelala kama sahani. Ulifanya kazi usiku na mchana kuvuta, lakini haukuwa tena na pa kushukia. "Msuli wako si mvivu," Daktari alisema. "Uko umechoka, tena umewekwa vibaya."

Kwenye chumba changu nilikuwa na kipimo cha zebaki chenye mpira. Mgonjwa alibanwa pua, akauma mpira, akavuta kwa nguvu zake zote, na zebaki ikapanda kadiri ya nguvu ya misuli yake. Arbitre alikitazama chombo kile kama anavyomtazama mchezaji mkorofi. Akavuta. Shingo yake ikajaa kamba. Zebaki ikatikisika, ikapanda kidogo sana, ikarudi.

"Ilikataa," alisema.

"Tutajaribu tena, Papa."

"Nilishavuta. Aikukosea ile mashini. Ni mimi."

Daktari alisema mfuko ule unaweza kukatwa. Ukitoka, pafu lililobanwa litafunguka, na msuli utapata nafasi ya kurudi juu, uiname tena kama bakuli. Mama Zaina alikuwa amekaa, kitenge amekivuta mpaka kidevuni. Hapo akasema:

"Docteur, mutu anakosa mapafu, na munataka kumukata ingine?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la haki, na Daktari alilijibu kwa haki. Alisema, "Mama, anaweza kufia pale kwa meza. Anaweza kufa kisha, ju kidonda cha kifua kinauma na mutu anaogopa kupema, anaogopa kuvuta pumuzi. Akipita pale, atapata miaka kidogo mizuri. Kidogo. Ugonjwa wenyewe hatuutoi." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Na kama unavuta tena sigara hata moja, sitakukata. Papa, unatafuta nini hasa? Kurudi kwa mupira?"

Sote tulingoja aseme ndiyo. Arbitre alitazama mikono yake.

"Nataka kuinama."

Daktari hakuelewa. Mimi ni Mkristo, watu wangu walitoka Kasai, nami sikuelewa upesi. Mama Zaina ndiye aliyeeleza, bila kumtazama mumewe. Alisema muda mrefu sasa anaswali kwenye kiti. Akiinama kusujudu tumbo linapanda, kifua kinafunga, anaona giza. Msikitini amewekwa nyuma karibu na mlango pamoja na vikongwe. Ndiyo maana ameacha kwenda.

"Miaka kidogo inanitosha," Arbitre alisema.

Sigara aliiacha siku ile, na nyumba yao ikawa jehanamu. Alimgombeza kila mtu, hata kuku. Mama Zaina alinieleza kupitia ukuta, "Kama anapona, minamuua miye mwenyewe."

Walimpasua mwanzo wa kiangazi. Alitoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira ubavuni, umeshuka mpaka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, na kila akipumua mapovu yalitoka kwenye maji. Pafu lilikuwa bado linavuja pale liliposhonwa. Lilivuja siku nyingi. Arbitre alilala ubavu akiyatazama mapovu yale, na Mama Zaina aliyatazama kutoka upande wa pili.

Watu wengi hudhani mgonjwa wa namna ile akishakatwa huamka na pumzi mpya. Haiwi hivyo. Misuli ya mbavu imepasuliwa, kila mvuto ni kisu, na mwili unajilinda kwa kuvuta kidogo. Nilipomletea tena kipimo, zebaki haikufika hata pale ilipofika mwanzo. Aliona mwenyewe.

"Mulinikata nguvu," alisema. "Nilikuwaka na kidogo, mukaikata."

Nilimwambia hiyo ni ya sasa tu, itageuka. Nilisema hivyo kwa sababu vitabu vilisema hivyo. Kwa macho yangu sikuwa nimewahi kuona.

Tukaanza vita. Kila siku nilimwekea mto kwenye kidonda nikamwambia akohoe, naye akanitukana, matusi ya fonderi ambayo sitayaandika. Nilimlaza chali nikamwekea mfuko mdogo wa mchanga juu ya tumbo, aunyanyue kwa pumzi. Mfuko haukuenda popote. Nilichoka. Nilikuwa na wodi nzima, na mama yangu mgonjwa nyumbani, na ziko asubuhi nilipofika mlangoni mwake nikasimama kwanza, nikashika kitasa, nikatamani awe amelala.

Asubuhi moja nilimkuta amegeukia ukuta. Akasema bila kugeuka:

"Mama Kine, weye unaamini?"

"Nini, Papa?"

"Kama hii kintu itapanda."

Ningeweza kumpa neno zuri. Nilikuwa nimechoka mno kutafuta neno zuri. "Sijue," nikasema. "Lakini minakuya kila siku."

Akageuka, taratibu, akishika ubavu, akalala chali. "Weka mufuko," akasema.

Hakuna siku ninayoweza kusema ndiyo iliyogeuza mambo. Mapovu yalikoma, mpira ukatolewa, akaenda nyumbani. Nilivuka uani kwao jioni baada ya kazi, nikamlaza kwenye mkeka, nikaweka mfuko. Wajukuu walikaa kuzunguka kutazama mchanga. Nao ndio waliopiga kelele ulipoanza kupanda, upande mmoja kwanza, kisha wote. Mvua ziliporudi alikuja hospitalini kwa miguu, akapumzika njiani mara chache, akauma mpira na kuvuta. Zebaki ikapita pale pa mwanzo, ikaendelea. Niliisoma mara mbili. Daktari akaja, akaleta picha mpya, akafuata kwa kidole ule msuli. Ulikuwa umepanda, umeinama kama bakuli. Alisimama pale muda, mtu yule ambaye hakuwa na muda.

"Na hatukumuongezea kitu," Daktari alisema. "Tulimupunguzia tu."

Habari ya kuinama kwake niliipata kwa Mama Zaina. Alikuja kwetu asubuhi, akakaa jikoni bila kukaribishwa. "Alisujudu," akasema. "Akainuka. Akasujudu tena. Mi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikiliza kama anakwama. Alikaa pale chini murefu, nikasema alikufa. Kumbe alikuwa anakaa tu." Akajifuta uso kwa kitenge, akaniomba chumvi, ambayo nadhani hakuihitaji.

Ijumaa alirudi msikitini, safu ya mbele, na kwa kuwa alikuwa yeye, aliwakemea waliokuwa wanasimama bila kunyoosha safu.

Uwanjani walimwomba achezeshe mechi ya wazee. Akakubali, akapiga filimbi, na sokoni ikasikika, nilikuwa huko. Kipindi cha kwanza kilipoisha akamkabidhi mwingine. Jioni nikamwuliza kama alikosa pumzi.

"Pumuzi iko. Nilisahau kama mupira unachosha vile. Bantu makumi mbili banalalamika kwako tu, kwako tu." Hakurudi tena.

Sigara hakuvuta. Lakini aliweka pakiti ndani kwa ajili ya wageni, akawawashia kwa mkono wake na kuketi karibu nao, upande ambako upepo unaelekea. Tuligombana kwa hilo zaidi ya mara moja. Alisema mgeni lazima aheshimiwe.

Alipata miaka yake kidogo. Kisha shaba ikaanguka bei, na mengine yakafuata. Hospitalini glavu zikaanza kufuliwa, chupa za oksijeni zikawa za kungojewa. Daktari akaondoka kwenda kufanya kazi nchi nyingine, akaniaga kwa kunishika mkono kwenye korido, tukiwa wote tunakimbilia mahali. Arbitre alikuja kupimwa kila baada ya muda, mwenyewe, kama mtu anayekwenda kunyoa. Siku moja zebaki haikufika ilipokuwa ikifika.

"Inashuka?"

"Inashuka, Papa."

"Bon." Akafuta mpira kwa kitambaa chake kabla ya kunirudishia. Hakuuliza zaidi, na sikumwambia kwamba pafu lililobaki lilikuwa linajipuliza kama lile la kwanza. Alijua. Daktari alikuwa amemwambia mapema, na yeye alikuwa amekubali kwa masharti hayo. Lakini kukubali jambo likiwa mbali si sawa na kulivaa kila asubuhi. Nilimwona akirudi kwenye kiti kuswali. Alikiweka uani mwenyewe, akakielekeza vizuri.

Mara ya mwisho tuliyokaa pamoja ilikuwa alasiri ya jua kali. Nilitoka zamu ndefu, siku ambayo tulipoteza watu wawili katika wodi yangu, na nilikuwa nimepitia kwake kumfanyisha mazoezi kabla sijafika kwangu, kwa sababu nilijua nikifika kwangu sitatoka tena. Mama Zaina alikuwa amekwenda kisimani. Arbitre alikuwa amekaa kibarazani, viwiko juu ya magoti, amekonda, shati limekuwa kubwa. Kutoka pale mpaka kwenye kamba ya nguo hakufika tena bila kushikwa.

Nikaanza kumtandikia mkeka. Akatikisa kichwa.

"Leo apana. Ikala."

"Papa, tufanye kidogo tu."

"Mama Kine." Akapumzika. "Ikala."

Nikakaa kwenye kiti chenye kivuli cha ukuta. Nilitaka kumweleza kuhusu wale wawili, lakini sikuanza. Yeye alipuliza pumzi zake polepole, nami nikazisikiliza kama nilivyozizoea, nikizihesabu kikazi bila kutaka. Sijui nililala saa ngapi.

Nilipoamka jua lilikuwa limehama, kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwenda zake, lakini usoni mwangu palikuwa na ubaridi. Kitenge cha Mama Zaina kilikuwa kimetandazwa kwenye kamba, kati yangu na jua, kimebanwa kwa vibanio vya nguo pande zote mbili. Kibarazani hapakuwa na mtu. Arbitre alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kamba, ameikumbatia kwa mikono yote miwili, midomo ya buluu, mabega yakipanda mpaka masikioni.

Niliruka. "Papa! Juu ya nini ulifanya vile?"

Akanyanyua kiganja kunizuia. Nikasimama nikamshika mgongoni, nikasikia mbavu zikifanya kazi chini ya mkono wangu, na sisi wawili tukangoja. Ilichukua muda. Nguo kwenye kamba ilitikisika, ikatulia. Ndipo akapata pumzi ya kutosha kusemea.

"Ulikuwa unapema muzuri," alisema. "Sikupenda uamuke."